Uliza Anko: Bando naweka kila siku, mbona huo uchumi siuoni?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka simu, bando na pesa, kwahiyo yale ya mirathi na ya mpangaji aliyegoma kuhama yatasubiri toleo lijalo, msinune. Nimechagua matano. Na wale mnaoandika kwa herufi kubwa mwanzo mwisho, jamani, hata mkiandika taratibu nawasoma.

SWALI: Anko habari za kazi. Mi ni fundi wa kuchomelea mageti na magrili hapa Mbagala Rangi Tatu. Kila nikiwasha redio nasikia intaneti inakuza uchumi, sijui uchumi wa kidijitali, mi simu janja ninayo miaka na miaka, bando la buku naweka kila siku, na huo uchumi sijauona zaidi ya kuangalia video za watu wanateleza kwenye matope. Hivi kuna ukweli wowote au ni maneno ya makampuni ya simu wanataka tununue bando? – Fundi, Mbagala

JIBU: Salama kabisa fundi. Makampuni yanataka ununue bando, hilo halina ubishi, ndio biashara yao. Ila ukweli nao upo, shida yake kuna namba zinapigiwa debe kuliko uzito wake.

Ipo moja inapendwa sana kwenye semina, ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009, kwamba nchi zinazoendelea zikiongeza waliojiunga na intaneti ya kasi kwa 10 katika kila watu 100, ukuaji wa uchumi unapanda kwa kama pointi 1.38 za asilimia. Mi hiyo huwa naiangalia kwa jicho la pembeni, maana nchi ikipata hela watu wake si ndio wananunua intaneti zaidi, sasa nani kamvuta mwenzake hapo? Ukiambiwa wenye magari kule Masaki wana afya nzuri kuliko wa Mbagala usikimbilie kusema gari ni dawa.

Iliyonishawishi ni nyingine. Kabla ya 2009 intaneti ya huku kwetu ilikuwa inatoka kwenye setilaiti, unaenda kafe mjini Posta unalipia nusu saa, barua pepe moja ikifunguka muda umeisha. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, yaani waya mkubwa wa intaneti, ukaanza kazi, umepita chini ya bahari mpaka Dar, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Sasa watafiti wawili, Jonas Hjort na Jonas Poulsen, wakachukua nchi 12 za Afrika, Tanzania imo, wakalinganisha maeneo ambayo nyaya za nchi kavu zilikuwa zimeshapita, yaani mkongo ulipofika tu nayo yakapata kasi, na maeneo ambayo nyaya hazikufika. Utafiti ukachapishwa 2019. Kwenye maeneo yaliyounganishwa uwezekano wa mtu kuwa na kazi ulipanda, kuanzia kama asilimia 3 mpaka 13 kutegemea unaangalia takwimu za nchi zipi, na walioishia shule ya msingi nao walipata, sio wenye digrii peke yao. Hapo ndio nikakaa vizuri, maana miaka yote tulikuwa tunaambiwa teknolojia inambeba msomi na kumwacha mbeba mizigo.

Sasa we utaniuliza mbona mi sijabebwa. Ngoja nikupeleke India kwanza. Jimbo la Kerala, wavuvi wa sardini, dagaa wa kule, zamani mvuvi akishavua anarudi pwani ya kwao kwa sababu hajui kwingine bei ikoje na mafuta ya boti ni ghali, kwahiyo siku samaki wakiwa wengi pwani moja watu wanamwaga samaki baharini huku kilomita 15 tu kutoka hapo kuna wanunuzi wanarudi na vikapu vitupu. Kati ya 1997 na 2001 ikaja minara ya simu za mkononi, wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado majini, wapi kuna wateja, bei gani. Mchumi Robert Jensen alifuatilia hayo na mwaka 2007 akatoa matokeo: kumwaga samaki kukaisha kabisa, faida ya wavuvi ikapanda kama asilimia 8, na mlaji akapunguziwa bei kama asilimia 4. Wote wamepata! Na ile ilikuwa simu ya kawaida, kitochi, hamna intaneti wala video.

Ukienda soko la samaki Feri pale alfajiri utaona kitu hicho hicho, dalali kashika vibua anaita bei, mama muuza samaki wa Tandika kasimama na ndoo yake ya kijani, simu iko kwenye fundo la kanga, mara inaita, mwenzake yuko Kunduchi anamwambia huku leo vimeshuka, usinunue hao. Mama anabandua macho kwa dalali, dalali anajua tayari, anateremsha bei. Maongezi ya nusu dakika lakini yameshaingiza hela mfukoni.

Kwahiyo fundi simu inalipa pale inapokupunguzia gharama ya kutafutana, mteja akutafute we, we umtafute mwenye chuma, na kwenye kazi yako hiyo gharama ipo kubwa tu. Kuna mtu anajenga Chamazi saa hizi anazunguka juani anatafuta fundi geti na hakujui, na kuna siku unapanda gari mpaka maduka ya chuma ya Gerezani kuuliza bei ya skwea paipu unakuta imepanda unarudi mikono mitupu, nauli imeenda na siku imeenda. Geti likiisha lipige picha kabla hujalikabidhi, mchana, sio usiku na tochi, andika upana na urefu wake na bei uliyofanya, weka stetasi na kwenye magrupu ya wanaojenga, na mwenye duka la chuma awe anakutumia bei asubuhi. Video za matope endelea nazo, hata mi naangalia, ila zisimalize bando kabla ya saa nne.

Na kuhusu hiyo buku. Buku kwa siku ni elfu 30 kwa mwezi. Tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika na intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018 kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya kipato cha wastani cha mtu kwa mwezi. Tuseme we unaingiza laki tatu, asilimia 2 ni elfu sita, na we unatoa mara tano yake. Sehemu ya lawama ni bei yenyewe, na sehemu ni huku kununua kidogo kidogo, maana bando la siku ukigawanya MB kwa hela mara nyingi linakula kuliko la mwezi, ila najua kutoa hela ya mwezi mzima kwa mpigo wakati watoto wanadai ada ya twisheni ni mtihani. Jaribu la wiki kwanza.

SWALI: Shikamoo Anko. Nauza vitenge na madera Kariakoo, mtaa wa Kongo, na Instagram pia naposti. Shida yangu wateja wa mikoani, mtu yuko Songea au Tunduma anapenda mzigo, anauliza maswali ishirini, ukimwambia tuma hela anaogopa, anasema atatapeliwa, mi nikitanguliza mzigo nitatapeliwa mimi. Alafu makato ya kutuma hela nayo yanawakimbiza. Nifanyeje? – Mama Madera

JIBU: Marahaba mama. Pole, na hongera kwa kuwa na wateja mpaka Tunduma bila kulipia fremu ya Tunduma.

Kwanza niseme la moyoni. Nimechungulia kurasa za wauza madera wa Kariakoo, sio yako maana hukuniambia jina, na karibu wote mnaandika "bei njoo inbox". Kwanini? Mnaficha bei ya dera! Unakumbuka wale wavuvi wa Kerala niliowataja kwa fundi, faida yote ilitokana na bei kujulikana kabla mtu hajasogea, sasa we mtandao umekupa uwezo huo bure alafu unairudisha bei mafichoni, mteja anauliza, unajibu baada ya masaa matatu, ameshanunua kwa mwingine. Andika bei, mama, na hayo maswali ishirini yatabaki matano.

La kutanguliza hela. Mteja wa mbali haogopi wewe, anaogopa namba asiyoijua, kwahiyo tumia lipa namba ya biashara, ile ambayo jina la duka linatokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri, sio namba binafsi iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yako. Jina la ukurasa na jina linalotokea pale yafanane. Mzigo ukishaupeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, piga picha kifurushi kikiwa kimeandikwa jina lake, na risiti ya basi, na namba ya basi, mtumie hapo hapo kabla hujatoka stendi, na picha hizo (ukifuta namba yake ya simu tafadhali) ziweke kwenye ukurasa, mteja wa Songea akiona kuna wa Njombe, wa Makambako na wa Mbinga walishapokea anapungua woga. Kwa mteja mkubwa kubalianeni nusu kabla, nusu mzigo ukishaingia kwenye basi. Kutanguliza mzigo bila hela, hapana.

Makato nakubaliana na wewe kabisa na hapa nina kidonda. Pesa za simu ndio kitu kimoja huku kwetu ambacho faida yake imepimwa vizuri. M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu ikaingia 2008, na Tavneet Suri na William Jack waliofuatilia kaya za Kenya kwa miaka waliandika 2016 kwamba huduma hizo zilitoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini, asilimia 2 ya kaya za nchi nzima, na wanawake ndio walionufaika zaidi, wengi wakaacha kutegemea shamba wakaingia kwenye biashara. Yaani watu kama wewe. Alafu Julai 2021 sisi tukaletewa tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja juu ya makato ya kawaida, nchi nzima ikalia, baadae mwaka huo huo ikapunguzwa asilimia 30 na 2022 ikashushwa tena. Nakumbuka watu walivyorudi kubeba hela kwenye soksi. Serikali ilitaka kujenga shule na zahanati, sikatai, ila ukitoza kile kitu ambacho kinamsogeza mnyonge kwa mteja wake, unakusanya leo na kesho anaacha kutuma.

Kwa mzigo mmoja wa dera makato ni ya mteja, kwa wanaochukua jumla weka bei ambayo makato yamo ndani usiyataje, hutaamini inavyobadilisha maongezi.

SWALI: Bosi naomba kujua, ile 2024 mtandao ulipotea ghafla karibu kote tukaambiwa waya umekatika baharini, ni kweli au ni fiksi? Mi dereva wa bodaboda Sinza natumia programu kupata abiria, siku ile nilikaa kijiweni tu. – Dogo wa Sinza

JIBU: Ni kweli dogo. Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na ubaya wake upande wa kaskazini nako mambo yalikuwa hayajakaa sawa kwa sababu Februari mwaka huo nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, ikiwemo ya SEACOM. Meli inabidi ije, itafute mahali penyewe, ivute waya juu, iunge. Ndio maana nchi zenye pwani zinapigania kuwa na mikongo mingi inayopita njia tofauti. Ila usichanganye hilo na kilichotokea kuanzia 29 Oktoba 2025 siku ya uchaguzi, ile intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na hakuna samaki aliyekula waya. Kijiweni ulikaa mara zote mbili, na kwenye mkopo wa pikipiki siku hizo zilihesabiwa kama kawaida, sindio? Weka namba za abiria wako wa kudumu kwenye simu, wakupigie.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Chanika. Kuna mfadhili anataka kutupa tableti za wanafunzi na intaneti, kamati ya shule imefurahi mno, mimi peke yangu ndio nina wasiwasi na naonekana napinga maendeleo. Nina haki ya kuwa na wasiwasi? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu heshima yako. Una haki, na nakupa mfano uende nao kwenye kikao. Peru waliingia kwa miguu miwili kwenye mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, wakagawa laptopu ndogo nyingi sana mashuleni. Baadae wakapima shule za msingi 319 za vijijini, zilizopata na zisizopata. Watoto wa shule zilizopata walitumia kompyuta zaidi, kama kawaida, lakini kwenye hesabu na lugha hawakuwa mbele ya wenzao. Walimu hawakuandaliwa vya kutosha na shule nyingi hata intaneti hazikuwa nayo.

Kwahiyo usipinge, uliza. Nani atalipa bando mfadhili akishaondoka na bango la uzinduzi likishachanika? Kioo kikipasuka fundi yuko wapi, na hela yake inatoka fungu gani? Kabati lenye kufuli lipo? Walimu watafundishwa kwa muhula mzima au kwa Jumamosi moja yenye soda na posho? Mimi ningekuwa we ningemwambia mfadhili atoe tableti chache, hela inayobaki iingie kwenye kufundisha walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, omba muwekewe vile vinavyoruhusiwa kupakuliwa vikae ndani ya tableti, mtoto asome hata siku bando hakuna.

Na kamati ikikwambia kwamba huku Chanika mnara upo kwahiyo tatizo limeisha, waambie dunia nzima mwaka 2024 watu bilioni 2.6 walikuwa hawatumii intaneti, kwa hesabu zilizotolewa mwaka huo na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na wengi wao wanaishi ndani ya eneo ambalo mnara unafika vizuri tu. Kinachowakwamisha ni bei ya simu, bei ya bando, kutojua kusoma, na vitu vyenyewe vya mtandaoni kuwa kwa lugha ambayo haimsaidii bibi wa Msongola. Hizo bilioni sio za kijijini ndani ndani peke yake, nyingine ziko hapo hapo kwenye nyumba zinazopakana na shule yako, mama anauza maandazi na kiswaswadu chake na anatushinda sisi wenye simu janja kwa kukaa na chaji.

SWALI: Anko mambo. Nimeona tangazo kazi ya kulaiki video nyumbani unalipwa kwa dola ila unaanza kwa kulipia elfu 50 ya usajili, na sina hiyo hela ila kuna programu ya mkopo inatoa dakika mbili tu bila dhamana. Nichukue? – Binti wa Tandale

JIBU: Usichukue mkopo na usilipie kazi, binti yangu. Kazi inakulipa wewe, ukiona inadai ulipe kwanza hiyo ni hela inakusanywa kutoka kwako na kwa mashoga zako utakaowaleta. Na hizo programu za mkopo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, ni zile zinazochukua majina yote kwenye simu yako na siku ukichelewa zinamtumia mesji mchungaji, bosi na ma'mkwe kwamba we ni mdaiwa sugu. Kabla ya kukopa popote angalia kama anayekopesha yumo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, inapatikana kwenye tovuti yao.

Kama unataka kweli kuanza kuingiza kitu kwa simu, nenda kwa mama mmoja hapo Tandale sokoni anayeuza kitu kizuri na hajui kuposti, mpigie picha, muandikie bei, mpokelee oda, mgawane kwenye kila oda inayokuja kupitia kwako. Hela yake ni ndogo mwanzoni na utazunguka sana juani.

Namba iliyokutumia hilo tangazo itume kwenda 15040, ni ya kuripoti matapeli. Alafu ukimaliza bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta ambayo huijui nenda dukani kwa mtandao husika waifunge.